Hifadhidata Isiyokataa Mtu

Dada yangu Muhsina alifariki baada ya kujifungua, akisubiri damu. Damu ya aina yake ilikuwako hapa hapa Mwabungo, kwa jirani tuliyezoea kuazimana naye sufuria, lakini hatukulijua hilo mpaka siku ya hitima, aliposema mwenyewe huku akilia.

Ndiyo maana binamu yangu Mahir, aliyesomea kompyuta Mombasa, akaamua kuunda tovuti ya watu walio tayari kutoa damu, kutoka Ukunda hadi Msambweni na kule bara Kinango. Mwenye shida ataandika aina ya damu anayoitaka, na tovuti itampa majina na nambari za simu. Mimi niliishia kidato cha nne. Kazi yangu ilikuwa kuwapigia watu simu na kuwaomba wajiandikishe. Sasa nayaandika haya kwa kuwa mengi ya Muhsina yameanza kunitoka, na haya sitaki yanitoke.

Mahir alikuwa na rafiki, Hesbon, mtu wa Kakamega aliyekuwa akitengeneza kompyuta za mahoteli huko Diani. Tulikutana chumbani kwake Ukunda. Mkewe Cynthia alikuwa mjamzito, miezi imekwenda, lakini hakukubali mtu mwingine amkandie unga wa chapati.

"Kuna hifadhidata za namna mbili," Mahir alinieleza. "Ya kwanza imepangwa safu safu. Ukishaiambia kila mtu lazima awe na jina, umri, kitambulisho, aina ya damu na simu, anayekosa kimoja inamkataa. Ya pili inapokea chochote. Mtu anaingia na alichonacho."

"Sasa kule Kinango utapata mtu hana kitambulisho, na hajui alizaliwa lini," Hesbon alisema. "Hiyo ya kwanza itawafukuza wote, buda. Utabaki wewe na Asiya," akaninyooshea kidole.

"Na hiyo yako itameza hata mawe."

"Afadhali ishibe."

Cynthia alicheka jikoni. "Nyinyi mnabishana kama watu wanaochagua mke."

"Mke nilishachagua. Na huyo hapokei chochote!"

Mimi sikucheka. Kila waliposema inamkataa, niliona mlango wa ile wodi ya Muhsina. Mahir aliniangalia, nadhani alinijua, akasema basi, watachukua isiyokataa mtu. Nilishukuru, lakini hofu haikutoka.

Watu waliingia. Bongwe tulikuwa na Sidi, Mduruma aliyeolewa huko, akipita nyumba kwa nyumba na simu yake. Kwengineko walijitolea wengine, hata tusiowajua.

Kisha Ijumaa moja, baada ya alasiri, nikiwa kwa Mahir, Hesbon alipiga simu. Sikuitambua sauti yake.

"Mtoto ametoka. Cynthia anavuja damu. Wanataka O hasi na hawana. Mimi si hiyo. Huku sina ndugu, Asiya, sina mtu. Angalia ile kitu yetu."

Mahir aliandika. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, kisha ukaja mweupe na maneno mawili: Hakuna aliyepatikana.

"Imesema nini?" Hesbon aliuliza.

Mahir aliandika tena, kana kwamba alikosea. Hakuna aliyepatikana. Kwenye simu nilisikia magurudumu ya kitanda yakipita sakafuni, na ule mlio nilikuwa naujua.

"Asiya? Imesema nini?"

"Tunatafuta," nilimjibu. Nikakata, nikampigia Sidi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sidi, nataka O hasi, sasa hivi. Huna mtu Bongwe?"

"Si nilishamwandika? Tena siku ile ya kwanza kabisa. Wa hapa hapa nyumbani."

"Hayumo. Ni nani?"

"Si nimekwambia, wa hapa nyumbani."

"Sidi! Nani?"

"Ni baba mkwe wangu, dada."

"Anaitwa nani?"

"Wewe nawe, nitalitamka vipi jina la mkwe wangu?"

Mahir alikuwa akisikia. Aliacha ukurasa wa tovuti, akaifungua hifadhidata yenyewe, mle ndani wasimoingia watu. Akapekua. Akashika kichwa.

"Yumo," alisema. "O hasi. Bongwe. Simu ipo. Mahali pa jina hapana kitu."

Hapo nikafahamu. Mwanamke wa kwao hatamki jina la mkwe wake, na halitamki hata kwa kidole. Sidi alifika mahali pa jina, akapaacha, akaendelea. Hifadhidata ikapokea bila neno. Lakini ukurasa wa Mahir ulikuwa ukiwapanga watu kwa majina, na asiye na jina ulimruka kama hakuzaliwa.

Tukaipiga nambari ile kwa simu ya Mahir. Ikaita kule kwa Sidi.

"Simu yake iko hapa inachajiwa," alisema. "Mwenyewe yuko shambani."

"Kimbia, Sidi."

"Nimeshatoka."

Sikumwambia asikate, naye hakukata. Nikasikia pumzi zake, majani yakipiga nguo, kisha sauti yake ikipasuka: "Baba! Baba eee!" Wanaume wengi wa shamba lile walikuwa baba za watu. Aliita na kuita. Nilimsikia mmoja akimtania, "Baba yupi, mwanangu? Hapa sote tuna watoto!" na Sidi akilia kwa hasira. Kisha sauti nzito ikauliza kuna nini.

Tulifika hospitali kabla yao. Mimi sikuweza kuvuka ule ukumbi. Nilisimama nje nimeshika ukuta, nikimwona Hesbon kwa mbali, amekaa, mikono katikati ya magoti, hamwangalii mtu. Kwa nini dakika za mahali pale haziendi? Pikipiki ilipoingia, Mzee Menza, baba mkwe wa Sidi, aliteremka na udongo wa shamba miguuni, akauliza, "Nilale wapi?"

Walimpima, wakamtoa damu. Magharibi ikaingia. Muuguzi alitoka kwa Cynthia akamwambia Hesbon kitu, na Hesbon akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Nilijua jambo limekwisha, ila sikujua limeishaje, na katika maisha yangu sijawahi kuogopa vile. Kisha akainua uso, akanitafuta, akanipungia mkono.

Cynthia aliporudi nyumbani, Hesbon mwenyewe ndiye aliyesema, "Tuhamie ile inayokataa."

"Ile ingemkataa Mzee Menza siku ya kwanza," Mahir alimjibu. "Sidi angefunga simu, akaenda zake. Asingekuwamo kabisa, hata tungepekua vipi."

Tulimpigia Sidi. Alifikiri, akasema, "Ikatae, lakini kwanza iniulize mimi namwitaje. Nitaandika baba. Mbona hilo natamka?"

Basi wakafanya hivyo: safu ya anavyoitwa na aliyemwandikisha, na safu ya simu, zote za lazima. Mahir akaanza kuwahamisha watu. Hifadhidata mpya ikakataa, mstari mwekundu baada ya mstari mwekundu, na kila mstari ulikuwa mtu. Mkwe wa fulani. Mkwe wa fulani. Niliwapigia, wakapata jina, wakaingia.

Wa mwisho hakuingia. Alikuwa na vitu viwili tu: O hasi, na Samburu, ile ya upande wa Kinango. Hana jina, hana simu.

"Nani alimwandikisha?" niliuliza.

"Hatukulazimisha mtu kusema," alisema Mahir.

Nilikwenda Samburu nikaulizia, kwenye vibanda vya barabarani na kwenye mnada wa mbuzi. Watu walinikarimu chai, wakanipa pole ya safari, hakuna aliyejua. Niliporudi, Hesbon alikuwa na kidole juu ya kitufe.

"Nimfute? Huku hawezi kuingia."

"Usimfute," nilisema.

Hifadhidata ya zamani haijazimwa. Iko kwenye seva kwa ajili ya mtu mmoja, na siku nyingine humfungua nikamwangalia. Simu zinakuja, alhamdulillahi, na wengi tunawapatia. Ila simu ikitoka upande wa Samburu, naiacha iite kidogo kabla sijaipokea, nikiomba isiwe O hasi.