Saa Iliyonyooshwa

Nelius alifuata kitu kimoja tu Nkubu: saa ya mumewe, Mwaniki. Tangu ajali iliyomuua, hata siku ya mazishi, hakuwa amedondosha chozi. Watu wa kanisa kule Manyatta walimsifu kwa ujasiri, naye akaitikia tu, maana ndani hamkuwa na kitu. Tumaini lake lote lilikuwa kwenye saa. Akiifunga mkononi, alijiambia, labda kitu kitafunguka.

Mwaniki aliinunua Dubai, miaka ile alipokuwa dereva wa hoteli. Ilikuwa ndefu, ya dhahabu, imepindwa tangu kiwandani, kioo na yote, ili ikumbatie mkono wa mwenyewe. Kwa kuwa ajali ilitokea karibu na Nkubu, hospitali ilimkabidhi Bundi, kaka mkubwa wa marehemu, saa hiyo pamoja na nguo.

Bundi alimpokea kwenye kibanda chake cha kutengenezea majembe. Akajipangusa mikono, akatoa kitambaa mfukoni na kukikunjua.

"Mama Purity, nilitaka uipate ikiwa sawa. Ile lori, wacha tu! Iliikunja ikawa kama ndizi. Nikaipasha moto kidogo, nikaibana kwenye vaisi, nikakaza polepole. Chuma kinataka kubembelezwa. Kioo ndicho kilinikataa, kikapasuka, lakini kuna fundi pale sokoni."

Saa ilikuwa bapa kama rula. Mishale ilikuwa imesimama. Nelius aliifunga mkononi, na ncha zake mbili zikabaki hewani, mwanga ukipita chini yake.

"Si imenyooka?"

"Imenyooka, shemeji."

"Mbona unaiangalia hivyo? Niambie tu, mimi si mtoto."

"Haikuwa imekunjika. Iliundwa hivyo."

Bundi alicheka. "Wewe nawe! Nani atanunua saa iliyopinda?" Kisha akamtazama usoni, kicheko kikakatika. Akaigeukia vaisi, akaiangalia kwa muda. Halafu akakaa juu ya gunia la makaa, akalia kwa sauti kubwa kuliko alivyolia siku ya mazishi, akiliita jina la ndugu yake.

Nelius alimshika bega. Alihisi joto la shati, na mwili mzima ukitikisika chini ya kiganja chake. Akangoja, labda na kwake kilio kitaanza. Kuku walipita mlangoni wakidonoa. Miguu ilipomchoka, akaketi kando ya shemeji yake kwenye gunia, mkono ungali begani, akaendelea kungoja.