Nafasi ya Mwalimu wa Hesabu

Projekta ya shule ilikaa kwenye kabati la chuma ofisini kwa Mkuu, imefunikwa kitambaa cha meza chenye maua, na kila aliyeihitaji aliibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Mwanachuo aliibeba hivyo Jumatatu ya kwanza ya mazoezi yake ya kufundisha. Alikatiza uani huku kompyuta mpakato ikimgonga ubavuni, akaingia darasa la sita, na wanafunzi wakasimama kumwamkia. Soketi ilikuwa chini ya meza, nyuma ya ndoo ya kudekia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama; alipoinuka alikuwa na vumbi magotini na utando wa buibui kichwani. Hakuna aliyecheka. Darasa lile lilikuwa limekaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu, na halikutaka kumtisha.

Chuoni walikuwa wamefundishwa projekta kwa nadharia. Mkufunzi aliichora ubaoni kwa chaki, akaweka mshale mmoja unaotoka kwenye lenzi na mwingine unaoingia ukutani, nao wakanakili. Mchoro ule haukuwa na mwalimu ndani yake, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mwalimu asimame wapi.

Alisimama katikati ya mwanga. Slaidi yake ya kwanza, nusu jumlisha theluthi, ilimwagika usoni na kifuani pake, na ukutani pakabaki kivuli chenye rula mkononi.

"Mwalimu, unatuzibia!" darasa likasema.

Alisogea kushoto, kivuli kikasogea naye. Akasogea kulia. Alifundisha kipindi kizima akihangaika hivyo, jasho likimtoka, na kengele ilipolia alishukuru Mungu, akachomoa waya. Slaidi ilizimika. Kivuli kikabaki pale pale, kimeshika rula, shingo imeinama kidogo kama ya mtu anayesikiliza.

"Kimeshika," alisema msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. "Cha mwalimu wa jiografia kilichukua wiki nzima kushika."

"Mwalimu wa jiografia yupi?"

"Wa darasa la tano. Na yeye alikuja na projekta, kama wewe."

Mwanachuo alipita dirishani mwa darasa la tano akachungulia. Ukutani kilikuwepo kivuli cha kijana mwenye koti linalompwaya, kikionyesha milima kwa kidole, na watoto walikuwa wakiandika. Darasa la saba lilikuwa na kivuli cha mwanamke mwenye tumbo la ujauzito, kikifundisha sayansi. Mtoto mwenyewe, aliambiwa baadaye, alishaanza chekechea.

Ndipo alipoelewa habari ya viti. Ofisi ya walimu ilikuwa na viti vingi na watu wachache, lakini kila alipotaka kukaa, mwalimu wa lugha, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alimwambia kwa upole, "Hicho kina mwenyewe, mwanangu." Alisubiri wenyewe waje, hawakuja. Alikunywa chai akiwa amekalia boksi la karatasi karibu na mlango, na kila aliyeingia alimpiga kwa kitasa, akasema samahani, akaendelea na yake. Hakuna aliyemchukia. Kuchukiwa nako kunahitaji mtu akutazame kwanza.

Alikuwa mpweke, na wala hakulificha hilo. Chumba alichopanga kilikuwa na kitanda, jiko na msumari wa kutundika gauni. Jioni aliwasha taa akakaa kitandani, na ukuta uliokuwa mbele yake ulikuwa mtupu. Aliinua mkono, ukuta haukuonyesha kitu. Zamani hakujua kwamba hata kivuli ni mtu wa kukaa naye.

Kitu kimoja kilimtia moyo. Siku ya kuripoti, Mkuu, mwanaume mchangamfu aliyetembea akijipigapiga mifukoni kama aliyepoteza funguo, alimtambulisha mstarini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema, kisha akamvuta pembeni. "Nafasi ya hesabu iko wazi, binti. Chapa kazi. Ukimaliza vizuri, nitaiambia ofisi ya elimu wakulete hapa hapa."

Aliyashika maneno yale kama mtu anavyoshika nguzo kwenye gari. Alitaka shule ile. Alitaka kiti chenye mwenyewe, na mwenyewe awe yeye.

Kwa hiyo alichapa kazi. Alitengeneza slaidi za muhula mzima, akajifunza kuinama chini ya mwanga, akajifunza kuiweka projekta juu ya kabati ili imulike toka juu. Ilikuwa juhudi nzuri ila imechelewa. Wiki ya pili, alipoingia darasani, kivuli kilikuwa kimeshaanza kipindi. Kilipiga rula juu ya slaidi ambayo hakuna aliyeiwasha, kikaeleza kigawe kidogo cha shirika kwa sauti yake yeye, imefifia kidogo kama redio ya chumba cha pili. Kilifundisha vizuri. Hakikukohoa, hakikukosea, hakikuhitaji chaki. Mwanachuo alikaa dawati la nyuma pamoja na wanafunzi warefu.

"Mwalimu," Chiriku alikiambia kivuli, mkono juu, "kwa nini zile asili, namba za chini, lazima zilingane?"

Kivuli kiliendelea na mfano wa tatu.

"Mwalimu, sijaelewa."

Mfano wa nne. Mwanachuo aliondoka nyuma, akachuchumaa kando ya dawati lake, akachana ukurasa mmoja na kuukunja mara mbili, kisha mara tatu. "Tazama. Kipande hiki na hiki vinalingana?"

"Havilingani."

"Sasa ukivihesabu pamoja utaviitaje? Viwili vya nini?"

Chiriku aliitazama karatasi, akanyamaza, jambo lililokuwa nadra kwake, kisha akacheka peke yake. Wengine wakasogeza madawati. Muda mfupi tu, mwanachuo alikuwa amezungukwa na vichwa, anakunja karatasi, na moyo wake ulikuwa umejaa. Mkuu akatokea mlangoni.

"Mwalimu yuko ubaoni," alisema kwa sauti ya chini, "usiwapotezee watoto umakini."

Alirudi nyuma.

Alijaribu kukitoa. Alikisugua kwa kitambaa kibichi, akabandua rangi kidogo tu. Alijaribu kusimama mbele yake, mgongo kwa ukuta, miguu juu ya miguu, kimrudie. Kilikaa dakika moja, kikaona kipindi kinapita, kikamzunguka. Mwalimu wa lugha alimkuta hapo na rangi kwenye mabega.

"Acha, mwanangu," alisema. "Sisi wa zamani tulifundisha kwa chaki, ndiyo maana tukapona."

Mkufunzi wa chuo alikuja kumkagua. Alikaa dawati la nyuma, akamwomba asogee kidogo apate pa kuweka kiwiko, akatazama kipindi chote huku akiandika. Mwishoni alimpa mkono. "Matumizi mazuri ya teknolojia," alisema. "Huzibi picha kabisa. Kasoro moja tu, huoni mikono ikiinuliwa, lakini hilo litakuja na uzoefu." Alimpa alama za juu kuliko wenzake wote.

Siku ya kuondoka aliaga darasa baada ya kengele, maana kabla ya hapo kivuli kilikuwa hakijamaliza. Chiriku alimsindikiza hadi getini.

"Utarudi?"

"Nafasi iko wazi. Nitarudi."

Msichana alitazama chini, kwenye mchanga wa saa sita mchana, penye kivuli kimoja tu, chake. Alimtakia safari njema. Ni mtoto aliyelelewa vizuri.

Nyumbani mama yake alimpokea mzigo, akamtazama akivuka ua, akauliza, "Cha kwako umekiacha wapi?"

"Shuleni, mama."

"Haya. Kakifuate, basi."

Muhula ulipofunguliwa bila barua yoyote kuja, alipiga simu. Mkuu alifurahi kusikia sauti yake. Alimuuliza mama hajambo, nyumbani hawajambo, hali ya hewa. Nyuma yake zilisikika kelele za watoto. Alikuwa akipita madarasani.

"Mkuu, nilikuwa naulizia ile nafasi ya hesabu."

"Aa, ile. Imejazwa, mwalimu. Ofisi ya elimu walikuja, wakaona, wakaridhika."

"Amepewa nani, Mkuu?"

"Wewe," alisema Mkuu. Alilisema kwa furaha ya kweli, kama anayetoa habari njema. "Wewe hapo. Na kiti chako kipo, hakuna anayekigusa."

Akamtakia heri, akaitia simu mfukoni bila kuikata.

Mwanachuo hakuikata pia. Alisikia kitambaa kikisugua, viatu vya Mkuu, kisha viatu vikasimama. Alisikia sauti yake mwenyewe, imefifia, ikifundisha kugawanya sehemu kwa sehemu: geuza ya pili, kisha zidisha. Darasa likaitika kwa pamoja. Halafu sauti ya Chiriku, ambayo angeitambua hata sokoni.

"Mwalimu, kwa nini tunaigeuza?"

Ile sauti ya ukutani ilienda kwenye mfano wa pili.

"Mwalimu. Kwa nini?"

"Sikiliza," mwanachuo alisema kwenye simu. "Una nusu mkate. Kila mtu anakula robo. Usigeuze kitu kwanza. Niambie, watakula wangapi?"

Alisubiri jibu kama inavyotakiwa, kisha akaendelea kueleza taratibu, mpaka salio likaisha.