Mafuta ya Mashindano Ndani ya Teksi

Fundi alishasema, tena mbele ya watu: mafuta ya mashindano ndani ya teksi ni kumvisha mzee viatu vya mwanariadha. Atapendeza, lakini mbio hazimo miguuni. Akatoa na sababu, maana huyu hakuweza kubadilisha hata plagi bila kukupa somo, ndiyo maana gereji nzima ilimwita Profesa. Mafuta yale, alisema, hayana nguvu kuliko ya kawaida. Yana uvumilivu tu, hayawaki kabla ya wakati, na uvumilivu huo unaifaa injini inayobana hewa sana. Ya teksi haibani hivyo. Utayachoma bure.

Aliyekuwa akiambiwa ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, ambaye alikuja na dumu zima alilopewa na abiria mmoja, dereva wa magari ya mbio. Teksi ile kuukuu ndiyo iliyomlisha dada na wanawe watatu. Sasa shemeji alikuwa ameahidiwa kazi ya kudumu, kuwapeleka wauguzi hospitali ya juu mlimani asubuhi na jioni, na mlima ndio uliomnyima usingizi. Gari likibeba watu wanne lilikuwa likipanda huku linahema.

Basi, yakamiminwa. Siku ya pili shemeji akarudi amenuna. Gari lile lile, mlima ule ule. Madereva waliokaa kwenye benchi la gereji wakaanza kutaniana, na mmoja akasema pengine mafuta hayana kosa, ila Profesa ni wa maneno, mikono hana. Shemeji naye akacheka.

Kicheko hicho kilimchoma. Ah, binadamu! Mtu ulikuwa na haki, ungenyamaza ungebaki nayo. Profesa akafungua boneti, akailegeza distribyuta, kile kigawa cheche, na kuizungusha kidogo ili cheche zitangulie zaidi, jambo ambalo mafuta yale huvumilia na ya kawaida hayavumilii hata kidogo. Pale ilipokuwa mwanzo akatia alama ya rangi nyeupe, apate kuirudisha dumu likiisha. Shemeji alipokwenda kujaribu, gari lilipanda bila kuhema. Madereva wakapiga makofi.

Palibaki jambo moja la kueleza: usije ukatia mafuta mengine kabla hujaniletea gari. Maneno hayo yalimfika Profesa mdomoni. Lakini kwa mara ya kwanza watu walikuwa wakimshangilia, na hakutaka kuanza tena kuwasomesha. Nitamwambia kesho, akajisemea. Kesho ikaja na wateja wengine, na keshokutwa vivyo hivyo.

Dumu likaisha. Shemeji akajaza ya kawaida kituoni kama miaka yote, na asubuhi ya kwanza ya kazi akapakia wauguzi wanne. Katikati ya mlima injini ikaanza kugonga kama kopo la misumari. Akadhani itapita, akaendelea kukanyaga. Ukatoka moshi. Wauguzi wakamalizia mlima kwa miguu, na hospitali ikatafuta gari jingine siku ile ile.

Sasa teksi ilikuwa gereji, injini wazi. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, na vyuma vilivyomeguka vilikuwa vimekwaruza silinda vibaya mno. Haitengenezeki. Injini za aina hiyo hazitoki tena kiwandani, na Profesa alijua hivyo kabla hajaweka spana chini.

Dada alikuja akasimama kando ya gari. Hakulia. Alimtazama mumewe, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Wewe angalau ulimkataza, mdogo wangu. Sina la kukulaumu."

Profesa aliinamisha kichwa ndani ya boneti. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa nguoni ni yeye. Alitamani dada amtukane.

Dada alipoondoka, shemeji alibaki amemshikia tochi. Akasema taratibu, kama mtu aliyekwisha kubali, "Ulinikanya, nikakuona una maneno mengi. Nisamehe, shemeji."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Profesa alifungua mdomo. Akilini akamwona dada, akawaona wale watoto watatu, akaona kila mlango ambao asingeweza kuubisha tena. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Mwanga wa tochi ukahama, ukatua kwenye distribyuta.

"Na hii alama nyeupe ni ya nini?"

Mtu wa kueleza kila kitu alichovya kitambaa kwenye petroli.

"Rangi tu," alisema, akaanza kuifuta. Shemeji akaisogeza tochi karibu, amsaidie kuona.