Uzinduzi wa Sindano

Mama yangu alitoka Masasi na swali moja, na swali lenyewe lilikuwa la wivu. Baba, marehemu Albano, ujanani aliimba kwenye bendi ya dansi, wakarekodi santuri moja tu. Mwanzoni mwa wimbo, kabla hajaanza kuimba, anatuma salamu kwa mpenzi wake na kumtaja kwa jina. Ndugu zake wanasema anamtaja Yustina, yaani mama. Wengine, ambao mama anawajua mmoja mmoja, wanasema anamtaja Tunu. Gramafoni pale kijijini ilikuwa ya baa, na mama aliapa hataenda kuaibishwa mbele ya walevi. Baba akiulizwa alikuwa anacheka tu. Alitutoka mwaka jana bila kujibu, santuri akaiacha kabatini.

"Jesca mwanangu," mama aliniambia hata mzigo hajautua, "nasikia mumeo ana mashine ya santuri. Niwekee nisikie, nijue mwanaume niliyemlilia alikuwa wa nani."

Mashine ilikuwepo. Tatizo ni kwamba ilikuwa haijawahi kupiga muziki.

Mume wangu Fransis ni mtu wa bima, na tangu tuhamie Mbweni amekuwa mgonjwa wa santuri. Yeye na wenzake wana kundi la WhatsApp lenye mwenyekiti, katibu na katiba, na kila Jumapili wanakutana sebuleni kwangu kurekebisha sindano. Wanapima kama ule mkono unaoibeba umelala sawa. Wanatandika karatasi ya mistari juu ya ile sahani inayozungusha santuri, wanainama na kioo cha kukuzia mpaka naona visogo vitupu, wanabishana kichwa cha sindano kimepinda upande gani. Mehboob, mwenyekiti wao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Wazo, huja na pimamaji ileile ya mafundi wa ukuta. Wakishamaliza wanakula pilau yangu na kuagana. Muziki wanausikiliza kwenye gari, wakirudi makwao.

Nikamwambia Fransis kwamba mama anataka kusikia wimbo mmoja tu. Akalipeleka ombi kwenye kundi. Kundi likaunda kamati.

Sitanii. Kamati ikaamua kwamba hiyo itakuwa siku ya uzinduzi, na uzinduzi hauna maana bila mgeni rasmi. Mgeni rasmi akawa Madam Kokuberwa, bosi wake Fransis. Likaja turubai, vikaja viti vya kukodi, zikashonwa sare za kitenge, ikaokwa keki yenye umbo la santuri. Lusungu, katibu wa kundi, akakabidhiwa maiki awe MC. Mama aliwekwa mstari wa mbele, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mambo ya sindano sikuyataka, lakini nimeishi nayo. Nyuma ya ule mkono kuna kizito cha duara. Ukikizungusha kije mbele, sindano inakandamiza zaidi. Ikiwa nyepesi mno inarukaruka. Ikiwa nzito mno inachimba. Asubuhi ile Fransis alikipima kwa mizani ndogo mpaka kikakaa sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu anunue mashine. Kama angeteremsha sindano palepale, mama angepata jibu lake na sisi tungekula keki.

Lakini mgeni rasmi lazima azindue kitu, na mashine haina utepe wa kukata. Lusungu akapata wazo. "Madam atazungusha kile kizito pale nyuma, iwe ishara!" Madam akazungusha, kidogo tu, kwa vidole viwili, akiitazama kamera. Sasa bosi akishika, wengine wataachwaje? Ni kama keki ya harusi: ukilisha upande mmoja na kuuruka mwingine, umenunua ugomvi wa maisha. Akaitwa Mehboob. Ikaitwa kamati ya chakula, wakaitwa wawakilishi wa majirani, ikaitwa jumuiya yetu ya kanisani. Wote walizungusha kuelekea mbele, maana nani anataka kuonekana anarudisha mambo nyuma?

Fransis alikuwa anatoka jasho.

"Waambie basi," nilimnong'oneza. "Wamezidisha."

"Nimwambie nani? Bosi?"

Nilitamani kumpiga kofi mbele ya bosi huyohuyo.

"Na sasa mama yetu mpendwa azungushe!" alitangaza Lusungu.

"Mie nimekuja kusikiliza," mama alisema. Wakampigia makofi mpaka akainuka, naye akazungusha.

Sindano ikashushwa. Gitaa likaanza, tamu kweli, na mama akafumba macho. Kisha ikaja sauti ya baba, kijana mdogo kuliko mimi nilivyo leo: "Salamu hizi zimfikie mpenzi wangu..."

"Vigelegele kwa baba!" Lusungu alipaza kwenye maiki.

Vikapigwa. Kina mama wa sare walivipiga mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Vilipokwisha, spika ilikuwa inatoa mlio wa ukoko unaokwanguliwa kwenye sufuria. Fransis aliruka akauinua mkono, lakini sindano ilikwisha kukunjika, na santuri ilikuwa na mfereji mweupe kuanzia palepale kwenye salamu.

Nililia kwa hasira, wala sikujali wageni. Tukakimbilia simu, maana kila mtu alikuwa anarekodi. Zote zilikuwa na vigelegele.

"Kamtaja nani?" mama aliuliza.

Madam Kokuberwa akakohoa. "Mimi nimesikia Yustina."

"Hata mie, Yustina kabisa," alidakia Mehboob.

"Jamani, wanaosema Yustina wanyooshe mikono!" alisema Lusungu, sauti imemrudia.

Ikanyooka yote, pamoja na ya wapishi waliokuwa nyuma ya nyumba na hawajasikia hata gitaa. Fransis alinyoosha miwili. Na mimi nilinyoosha, kwa sababu nilimwonea mama huruma. Lusungu akatangaza kwamba imepita, wakapiga makofi.

Mama alituangalia, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye mkono wangu.

"Marehemu alinidanganya peke yake," alisema. "Nyie mmepiga kura."