Mafuta Kwenye Kioo cha Wanja

Idah wa Ngoingwa hakuruhusu kitu kipya kianze kazi bila kupakwa mafuta. Jiko la gesi alilipaka. Pikipiki ya jirani aliipaka, na jirani mwenyewe hakuwa ameomba. Chupa yake ndogo ya mafuta ya zeituni, iliyoombewa na pasta mmoja wa Mwiki, ilikaa kwenye mkoba pamoja na leso na peremende, na aliyemwona akiifungua alijua kuna kitu kitang'aa muda si mrefu.

Kwa hivyo asubuhi ile alipofuatana na binti yake Wanja hadi chuo cha marubani kilichoko Kamakis, nyuma ya wauza nyama choma, chupa ilikuwa imejaa pomoni. Wanja alikuwa na mtihani wa kutua kwa kutumia kile kioo ambacho marubani hukiita HUD. Ni kipande cha kioo kinachoshushwa mbele ya macho ya rubani, kikamwonyesha mwendo, kimo na njia ya ndege kwa mistari na namba za kijani, ili asiinamishe kichwa kutafuta saa za vipimo zilizo chini wakati uwanja unakaribia. Mtihani wa kwanza alianguka. Alizama kwenye ukungu, hakuuona uwanja, naye badala ya kupanda tena akaendelea kushuka tu akitumaini kwamba utajitokeza. Leo akianguka tena, kampuni ya ndege iliyomlipia ingemwachisha mafunzo na kumchukua mwingine.

Nusu ya lawama ilikuwa ya Idah, ingawa nani angethubutu kumwambia? Tangu Wanja akiwa nasari, wimbo wa nyumba ile ulikuwa mmoja: ukianza jambo limalize, kurudi nyuma ni kazi ya lori la takataka. Na Jumapili iliyopita mama huyu alisimama kanisani akawatangazia wenzake kwamba binti yake anatua wiki hii, hakuna kurudi nyuma, na mbuzi wa sherehe ameshapatikana.

"Mum, hii kitu haiendi mahali," Wanja alimwambia mlangoni. "Ni simuleta. Ni ndege ya kujifunzia, imefungwa kwa floor."

"Kama haiendi mahali, mbona iko na mikanda?"

Mtahini wao, Kapteni Okello, mtu mpole asiyependa ugomvi na mama wa mtu, alimruhusu Idah akae kiti cha nyuma mradi asiseme neno. Kisha yeye, Wanja na Maxine, rubani msaidizi, wakaenda ofisini kutia sahihi. Wakamwacha Idah peke yake ndani ya chumba cha marubani, na hapo ndipo walipokosea.

Alipaka kiti. Alipaka usukani. Halafu akakitazama kile kioo, kisafi, kikining'inia pale mbele kwa maringo. Kumbe ni wewe uliyemliza mtoto wangu, alikiambia kimoyomoyo. Tone moja halikutosha kwa adui wa namna hiyo. Akachora msalaba mzima kwa kidole gumba, juu kabisa, karibu na mbinguni, kisha akaona umekaa upande, akachora wa pili.

Mtihani ulianza ndege ikiwa tayari hewani, ukungu umetanda kila upande. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Ila simuleta ile, ijapokuwa haikwenda mahali, ilijua kutikisika, na kila ilipotikisika mafuta yaliteremka kidogo. Kutoka nyuma Idah hakuziona zile namba za kijani, lakini mafuta yake aliyaona. Yalikuwa yameshafika katikati ya kioo. Jasho likamtoka. Alikuwa ameahidi kutosema neno, akaiuma leso yake lisimtoke.

"Mia tatu," Maxine alisoma kimo.

"Hii glass iko na nini?" Wanja aliuliza. "Naona kila kitu mbili mbili."

"Mia mbili."

"Sioni runway. Tunapanda." Wanja akasukuma mkono wa injini mpaka mwisho, pua ya ndege ikainuka.

"Ngai!" Idah alilipuka. "Wanja, shuka! Uwanja uko hapo chini! Umefika, usirudi nyuma!"

Wanja hakugeuza hata shingo. Mikono yake ilitulia. Alipofika juu alikikunja kioo kando, akaomba arudie kutua kwa saa za chini. Okello akabonyeza kitu, ukungu ukapungua kidogo, na safari hii ndege ikagusa lami taratibu kabisa. Idah hakupiga makofi. Alikuwa analia kwenye leso yake, kwa uchungu wa kumharibia mtoto mtihani kwa mkono wake mwenyewe.

Okello alizima mashine, akapitisha kidole kwenye kioo, akakinusa.

"Nani amekula chapati humu ndani?"

"Ni mimi, Kapteni," Idah alisema. "Si chapati. Ni mafuta ya maombi. Tafadhali mrudishie mtoto mtihani, yeye hana makosa."

"Mum!" Wanja alifunika uso kwa mikono.

Okello alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama Wanja, hapo kwa mia mbili mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga kuzima hicho kioo, nione atafanya nini. Umenitangulia."

"Kwa hivyo ameanguka?"

"Amepita. Amepita pale alipokataa kushuka. Ile siku ingine alishuka tu, na hiyo ndiyo ilimwangusha."

Idah alimgeukia binti yake.

"Yaani leo ungenisikiza, ningekuua."

"Ni simuleta, Mum."

"Leo ni simuleta," Idah alisema, akamshika mkono na hakuuachia mpaka nje.

Jumapili alisimama tena kanisani kutoa ushuhuda. Akina mama wakajiweka tayari, Amina iko mlangoni mwa midomo.

"Wanja amepita," Idah alisema. "Namshukuru Mungu kwa sababu alimpa nguvu ya kurudi nyuma, na mama yake akipiga kelele."

Watu wakatazamana. Amina ya namna hiyo hawakuwa wameizoea.

"Semeni Amina basi," Idah aliwafokea huku akipangusa machozi, "ama huyo mbuzi nimle peke yangu."