Mama Aliyezoea Kumjibia Binti Yake

Fundi cherehani alikuwa hoi kwa uchovu, midomo imebana pini, akimpima mteja gauni. Mteja akamgeukia binti wa fundi, aliyekuwa akikunja vitambaa pembeni. "Eti mwanangu, limenikaa?"

Siku zote mama ndiye aliyemjibia, kisha akamkemea: "Ulimi umeuweka rehani?" Leo pini zilimziba mdomo. Binti akainama, akaendelea kukunja. Mama akataka kuzitema pini amjibie, akajizuia.

"Limekukaa, shangazi," binti akasema kwa sauti ndogo. "Ila mikono inabana."

"Kweli kabisa!" mteja akacheka.

Mama akatoa pini mdomoni. Karipio la siku zote lilikuwa limeshamfika kooni, akalimeza. "Haya, mwanangu," akasema kwa sauti iliyochoka, "njoo unioneshe palipobana."