Nilivyojaribu Kuinyamazia Filamu

Mimi ni kinyozi, na nasema mapema kabisa: wimbo ambao mwimbaji anataja jina lake kabla hajaimba neno jingine si wimbo, ni kibao cha duka. Nimelisema hili mara nyingi mbele ya wateja wenye wembe shingoni, na hajatokea hata mmoja wa kunibishia. Filamu nazo zina mambo yake. Mtu akikohoa mwanzoni, chimba kaburi. Mpelelezi akisema kesho anastaafu, huyo ni marehemu anayetembea. Na mama mkwe tajiri hawezi kusimama chini kama watu wengine. Lazima asimame juu ya ngazi, mikono kaikunja, kana kwamba jumba lote lile halina kiti.

Hayo ndiyo mazungumzo ya dukani kwangu tangu ninapofungua mpaka ninapofagia nywele. Wateja wananiita Spika. Jina lilitokana na televisheni iliyo ukutani juu ya kioo. Sauti yake ilikufa siku moja katikati ya filamu ya mapigano, picha ikabaki safi kabisa, na mteja niliyekuwa namchonga ndevu akaanza kulalamika. Basi nikawasemea wahusika. Bosi nikampa sauti nene, mkewe nikampa sauti ya puani, jambazi nikamfanya awe na kigugumizi. Watu walicheka mpaka yule mteja akatikisika na ndevu zake zikatoka upande. Nilipoleta mtu wa kuitengeneza televisheni, wateja walimfukuza mlangoni. Walisema wakitaka sauti ya kweli, wanayo majumbani kwao.

Ukuta wangu wa kulia ni plaiwudi tupu, na ng'ambo yake kuna cherehani. Fundi cherehani mwenyewe ni dada mmoja mwenye mikono myepesi na ulimi usio na deni. Yeye redio yake hupiga nyimbo za mapenzi za polepole, zile ambazo mtu anaaga beti nzima na mpaka wimbo unakwisha bado hajatoka mlangoni. Mimi zangu ni za kuchangamsha damu. Kwa hiyo mapenzi yetu yalianza kwa ugomvi.

"Wewe kinyozi!" alikuwa akiita, akigonga plaiwudi kwa mkasi. "Punguza hiyo! Wimbo ukienda mbio na mguu wangu unaenda mbio, pindo lote limepinda!"

"Na wewe punguza hiyo ya kwako, mteja wangu amelala na mate yanamtoka!"

"Bora alale kuliko kusikia kelele za mtu anayeimba neno moja dakika tatu!"

"Neno moja lakini amelimaanisha!"

Alikuwa akicheka, nami nilikuwa nikipunguza. Siku za kushona zipu nilikuwa nazima kabisa, maana zipu haitaki mbio, na yeye siku hizo aliniletea chai bila kusema ni ya nini. Tuliendelea hivyo mpaka nikajikuta nafungua duka mapema nisikie akifungua la kwake. Mtu mzima haambiwi. Nikapiga moyo konde, nikavaa shati safi, nikazunguka na kuingia mlangoni kwake. Neno kama lile halisemwi kupitia plaiwudi. Nikamwambia nataka kumwoa.

Hakushtuka. Aliingiza uzi kwenye sindano kwanza, akafunga fundo.

"Njoo nyumbani Jumapili alasiri," alisema. "Jumapili huwa tunaangalia filamu, mimi na mama. Macho ya mama si mazuri siku hizi, lakini watu anawajua. Ukishakaa naye ndipo nitakujibu."

Nilirudi dukani nikinyoa kama malaika. Furaha hiyo ilidumu mpaka Ijumaa. Siku hiyo nilimsikia, kupitia ule ukuta wetu, akimwambia mteja aliyekuja kupimwa gauni: "Dada, mimi natamani jambo moja tu. Niangalie filamu moja, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kuongea. Siku nitakayoipata hiyo, nitajua Mungu kanikumbuka."

Wembe ulinisimama mkononi. Bila mtu kuongea! Na mtu anayeongea juu ya filamu katika mtaa mzima ni nani, kama si mimi? Nina jina kabisa la kazi hiyo. Nikaona wazi kwamba Jumapili naitwa kwenye mtihani, na swali lenyewe nimeshalisikia. Mdomo uliponza kichwa, na mimi kichwa changu nilikuwa bado nakihitaji. Nikakata shauri: Jumapili nitakuwa bubu.

Sebule yao ilikuwa ndogo na safi, yenye vitambaa vya kufuma kwenye kila kitu kinachoweza kukaa kimya. Mama alikuwa kwenye kiti chake kikubwa karibu na televisheni, kichwa kakiinamisha upande kama mtu anayesikiliza hatua nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Spika? Nimesikia una maneno."

"Si mengi, mama," nilisema, na fundi akanitazama kama aliyesikia paka akibweka.

Filamu ilianza. Mwanamume mmoja aliyepotea miaka mingi anarudi mjini kwake, anakuta mkewe anakaribia kuolewa na tajiri, naye badala ya kujitambulisha anaomba kazi ya udereva katika nyumba ileile. Jamani! Mtu anarudi na kitu pekee alichobadilisha ni sharubu, na mkewe wa ndoa hamjui! Kinyozi yeyote duniani angekwambia sharubu zile zimebandikwa, tena vibaya, upande wa kushoto zilikuwa zinainuka. Maneno yalinijaa mdomoni kama maji ya kusukutua. Nikayameza. Nikajikaza kisabuni.

Kisha nikasikia jambo ambalo sikulitarajia.

"Sasa anafanya nini?" aliuliza mama.

"Anatembea," fundi alijibu.

"Anatembea kwenda wapi?"

"Ndani. Amevaa suti ya kijivu, mabega yameshonwa vibaya." Fundi alikuwa amemgeukia mama ili amweleze, na aliporudisha macho kwenye televisheni, tukio lilikuwa limeshapita. "Sasa amekaa. Anakunywa chai."

"Hiyo ni filamu au ni zamu ya hospitali?" mama alisema. Kisha akanigeukia mimi, au akaigeukia sauti ya kiti changu. "Baba, huyu mwanangu ana kila jema, lakini kusimulia hajajaliwa. Miaka yote hii najua nguo zao wote. Dhambi zao sizijui."

Ndipo nilipofahamu kwamba mama haoni picha kabisa, anaona mwanga tu. Niliwaonea huruma wote wawili, yeye na fundi. Lakini agizo la Ijumaa lilikuwa masikioni mwangu, na mtu aliyekuja kuposa havunji amri ya nyumba kwa sababu tu amri imemkalia vibaya. Nikaendelea kukaa ukingoni mwa kiti, mdomo nimeubana. Fundi alinitupia jicho mara kadhaa. Baadaye aliniambia alidhani nimeshajuta kuja.

Katikati ya filamu aliinuka kwenda jikoni kuleta chai. Alipotoka tu, muziki ukabadilika. Violini zikaanza kulia, watu kwenye filamu wakaacha kuongea, wakawa wanatazamana tu.

"Kuna nini?" aliuliza mama. "Mbona violini?"

Nikatazama mlango wa jikoni. Vikombe vilikuwa vinagongana huko.

"Baba, nimekuuliza. Mgeni umenyamaza namna hiyo, unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi niambie. Hizo violini hazilii bure."

Ningefanya nini? Kukaa na mwenye macho hafifu ukamnyima unachokiona ni kama kula mbele ya mwenye njaa. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, niwahi kabla fundi hajarudi: "Mke yuko dirishani, mama. Dereva yuko chini anaosha gari. Mke anamwangalia anavyokamua kitambaa. Anakikamua kwa mkono wa kushoto."

"Enhe?"

"Mumewe aliyepotea alikuwa wa mkono wa kushoto. Sura imempita, sharubu zimempita, lakini mkono ameukumbuka. Sasa ameshika pazia. Anataka kuita, hajui aite jina gani."

"Ee Mungu wangu," alisema mama, akajivuta mbele. "Na yule tajiri?"

"Anakuja nyuma yake na kikombe, anatabasamu. Yule mama yake naye yuko..."

"Juu ya ngazi!"

"Juu ya ngazi, mama! Mikono kaikunja!"

"Wanakuwaga na nini wale na ngazi?" mama akacheka mpaka akajipiga mapajani kwa viganja, na hapo breki zangu zikakatika. Nikampa mama wa tajiri sauti ya bata. Nikampa tajiri sauti ya mtu anayeongea huku anakula. Dereva sikumchezea, nilimwacha na sauti ya kawaida, maana mtu anayeosha gari la mwanamume anayemchukulia mke si wa kufanyiwa mzaha. Nilieleza pazia, gari, jua lilivyokuwa linapiga kwenye maji ya ndoo. Mama alikuwa akiitikia enhe, enhe, na kubishana na wahusika kama majirani zake.

Nikageuka na kumwona fundi mlangoni, sinia mkononi.

Nilinyamaza ghafla. Nikasema moyoni, basi, posa imekwenda na maji.

"Endelea, usinikatie!" mama alifoka.

Nilimtazama fundi. Hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye televisheni, na kwa mkono mmoja alinipungia kama mtu anayefukuza nzi: endelea. Aliweka sinia kwenye kimeza bila kuliangalia, akaketi chini kwenye mkeka, mgongo kauegemeza kwenye kiti cha mama, asimgeukie mtu. Nikaendelea.

Tulifika mwisho. Dereva alikuwa ameacha funguo mezani na kuondoka kabla ya harusi. Mke alizikuta. Hapakuwa na muziki wala neno, na mimi nikashusha sauti.

"Ameziona funguo, mama. Anatoka mbio. Kiatu kimemvuka, anakiacha. Cha pili anakivua mwenyewe. Anakimbia peku kwenye kokoto, gauni amelikunja mkononi."

"Anamkuta?"

Nilisubiri kidogo, maana na filamu ilisubiri.

"Amemkuta. Yuko nje ya geti, amekaa kwenye jiwe. Hakuwa amekwenda popote."

Mama alishusha pumzi na kuegemea kiti. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Mtaani watoto walikuwa wakicheza.

"Na binti yangu anafanya nini?" mama aliuliza. "Mbona simsikii?"

Niliinamisha kichwa nimwone vizuri.

"Analia, mama."

"Analia? Huyu? Filamu zote tulizoangalia humu ndani, hajawahi kulia hata moja."

"Sijawahi kuziona, mama," fundi alisema, akijifuta kwa pindo la kanga. "Nilikuwa nakuangalizia. Nikigeuka kukuambia limepita hili, nikirudi limepita lile. Leo ndiyo nimeiona, tangu niliposimama mlangoni mpaka mwisho."

Mama alipapasa hewani mpaka akakipata kichwa chake, akaweka mkono hapo.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambiaje? Nikuambie unyamaze?"

Nami ndipo nilipoielewa ile Ijumaa. Nikamwambia kwamba nilimsikia kupitia ukutani, kwamba alitaka filamu bila mtu kuongea, na kwamba ndiyo maana nilikaa kama gogo. Alinitazama, machozi bado yako mashavuni, halafu akaanza kucheka.

"Mtu mwenyewe nilikuwa mimi!" alisema. "Niliyekuwa nimechoka kumsikia ni mimi! Wewe, kukusikia nimekusikia mwaka mzima kupitia plaiwudi, ningekuwa sikutaki si ningehama?"

Mama alicheka naye. Kisha akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mzima anayetaka shughuli ianze.

"Na huyu kinyozi anafanya nini sasa hivi?" alimwuliza bintiye. "Nieleze."

Fundi alinigeukia. "Amevaa shati jeupe. Amelipiga pasi upande mmoja tu."

"Nguo sikuuliza."

"Amekaa ukingoni mwa kiti, mama. Mikono iko magotini. Anangoja jibu."

"Basi mpe, mbona unamtesa mtoto wa watu?"

"Nimekubali, mama."

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe."

Akaniambia mwenyewe. Alisema, "Nimekubali," kwa sauti ya chini, akinitazama machoni. Mimi, Spika, ninayewasemea mabosi na majambazi na mama wakwe wa juu ya ngazi, nilifungua mdomo nijibu nikakuta hamna kitu ndani.

Mama alingoja. Kichwa akakiinamisha upande.

"Mbona kimya?" aliuliza. "Anafanya nini?"

"Analia, mama," alisema fundi.